HP5, Tri-X, Fomapan au XP2: filamu ipi ya nyeusi na nyeupe kwa mpiga picha wa Nairobi?

Anayerithi Pentax au Yashica ya mzazi wake, sawa na kijana aliyechoshwa na maelfu ya picha zilizolala kwenye simu, huuliza jambo lilelile kabla ya kutoa pesa: filamu ya nyeusi na nyeupe bado ipo, au naingia kwenye kitu kinachokufa? Ipo. Miaka ishirini iliyopita hofu hiyo ilikuwa na msingi. AgfaPhoto ilifilisika mwaka 2005, na mwaka huohuo Kodak ikaacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Forte ya Hungaria ilifunga 2007, kisha Fotokemika ya Kroatia, waliokuwa wakitoa filamu za Efke, wakaacha 2012. Waliobaki ni wachache, lakini wanazalisha na wanauza.

Kwa mkazi wa Nairobi, hata hivyo, kuwapo kwa filamu kiwandani hakutoshi. Roli isiyo na dawa ya kuisafisha haina kazi, na dawa isiyo na maji haina kazi vilevile. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue filamu gani, humuuliza kwanza ataisafisha wapi na ataichapa kwa njia gani. Mara nyingi majibu hayo ndiyo huchagua filamu.

Nimechukua nne ambazo wengi husitasita kati yake: Ilford HP5 Plus, Kodak Tri-X 400, Fomapan 400 na Ilford XP2 Super. Zote zimeandikwa kasi ya 400 (ISO, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kuitikia mwanga) na zote zinapatikana kwa kamera za milimita 35 na za filamu pana ya 120. Nitazipima kwa mambo matano: uthabiti wa kiwanda, safari ya kufika Nairobi pamoja na gharama, tabia yake kwenye mwanga wetu, usafishaji, na uchapaji. Usafishaji nimeupa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama na kuiacha kamera kabatini.

Kiwanda kimesimamaje?

HP5 Plus na XP2 Super zinatoka Mobberley, Uingereza, kwenye kiwanda cha Harman Technology. Ilford ya Uingereza iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2004, na mwaka uliofuata baadhi ya mameneja wake wakainunua na kuunda Harman. Jambo kubwa kwetu ni kwamba kampuni hii inaishi kwa kazi hiyo: filamu, karatasi na dawa za nyeusi na nyeupe. HP5 Plus yenyewe iko sokoni tangu 1989.

Tri-X ya milimita 35 ni ya mwaka 1954, na wapiga picha wengi wa habari wa karne iliyopita waliibeba mifukoni. Hupakwa dawa Rochester, Marekani, kwenye kiwanda cha Eastman Kodak. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012 ikatoka Septemba 2013. Agosti 2025 iliandika kwenye taarifa zake za fedha kwamba madeni yaliyokaribia kuiva yaliweka shaka juu ya uwezo wake wa kuendelea, kisha ikaeleza kuwa inatarajia kuyalipa. Kwa upande mwingine, kiwanda hichohicho kilisimamisha kazi kwa muda mwishoni mwa 2024 ili kiboreshe mitambo ya filamu, na hilo halifanywi na mtu anayetaka kufunga. Pia filamu ya T-Max P3200 iliyoondolewa 2012 ilirudishwa 2018. Sioni Tri-X ikitoweka kesho, ila anayeitegemea peke yake ajue imefungwa kwenye hatima ya kampuni kubwa yenye shughuli nyingine nyingi.

Fomapan ni ya Foma Bohemia, mji wa Hradec Králové, Ucheki. Foma ilianza 1921 na bado inatengeneza filamu, karatasi na dawa zake yenyewe. Haitangazwi sana, lakini mtu anayetaka kila kitu kutoka nyumba moja kwa bei ya chini, hapa anakipata.

Safari ya kufika Nairobi, na bei

Kwa kawaida Fomapan ndiyo ya bei ya chini kati ya hizi nne na Tri-X ndiyo ghali. HP5 Plus na XP2 hukaa katikati, zikikaribiana. Tofauti hiyo hubaki hata mzigo ukifika hapa, lakini inapungua makali ukiagiza roli mbilitatu, kwa sababu nauli na ushuru humeza kila kitu. Forodha huhesabu ushuru na VAT ya asilimia 16 juu ya bei ikijumlishwa na nauli. Kwa hiyo wapiga picha wanne wakichanga na kuagiza kwa pamoja, kila mmoja hulipa kidogo kuliko angeagiza peke yake. HP5 Plus na Fomapan 400 huuzwa pia kwa roli kubwa ya mita 30.5, unayoikata mwenyewe gizani na kupata kama roli 18 za picha 36. Kwa anayepiga kila wiki, hakuna njia bora ya kushusha gharama.

Njia ya pili ni ndugu anayerudi kutoka ng'ambo. Mwambie asiweke filamu kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, maana eksrei za huko ni kali zaidi. Aibebe mkononi, na penye skana mpya za CT aombe ikaguliwe kwa mkono. Kodak na Ilford wote wameonya juu ya mashine hizo. Akiondoka JKIA akumbuke kwamba mizigo hupitishwa kwenye mashine tangu mlangoni, na kila kupita kunaongeza madhara kidogo. Katika hili filamu zote nne ziko sawa, maana kasi ni moja. Zikishafika nyumbani ziweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na uzitoe mapema zifikie joto la chumba kabla ya kufungua, zisishike unyevu.

Ukinunua dukani mjini, soma tarehe ya mwisho wa matumizi na uangalie filamu ilikowekwa. Iliyokaa miezi kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana inaweza kuwa imechoka hata kama tarehe yake haijafika.

Mwanga wa Nairobi

Tuko karibu kabisa na ikweta. Machi na Septemba jua la saa sita na nusu hupita karibu na utosi, na mtu aliyevaa kofia anapotea macho kwenye kivuli. Ukuta mweupe nyuma yake unawaka. Filamu inayofaa hapa ni ile inayoweza kubeba vyote viwili kwa pamoja.

HP5 Plus ni mpole sana katika hilo. Picha zake mwanzoni huonekana zimepoa kidogo, hazina weusi mzito, na wengine hawaipendi kwa sababu hiyo. Lakini upole huo ndio unaookoa gauni jeupe la bibi harusi na suti nyeusi ya bwana harusi kwenye picha moja, saa saba mchana, bustanini. Jioni ikiingia, Ilford yenyewe inaruhusu kuipandisha hadi 3200 kwa kuongeza muda wa kuisafisha.

Tri-X ina ukali zaidi: weusi wake una uzito, chembe zake zinaonekana na zinapendeza. Mvua ya Aprili kwenye River Road, matatu inayong'aa taa, uso wa mtu dirishani, haya ndiyo makazi yake. Kwenye jua la saa sita nayo inafanya kazi, mradi upime mwanga kwenye kivuli na usiisafishe kupita muda.

Fomapan 400 inahitaji uelewane nayo. Jina linasema 400, ila ukiipiga hivyo vivuli hutoka vyembamba, havina kitu ndani. Weka kipima mwanga 200 au 250 na utaona filamu nyingine. Sehemu zenye mwanga mkali huwa na ukungu laini kuzizunguka, jambo ambalo wapiga picha za sura hulipenda na wa majengo hulichukia. Kwa picha za usiku zenye kuacha shata wazi sekunde nyingi, inataka muda mwingi wa ziada kuliko HP5, kwa hiyo kwa kazi hiyo ningeiacha.

XP2 Super ndiyo inayosamehe kuliko zote. Ilford wanasema unaweza kuipiga kuanzia 50 hadi 800 kwenye roli moja bila kubadilisha usafishaji. Ukiizidishia mwanga, chembe zinapungua badala ya kuongezeka. Kwa anayejifunza, au mwenye kamera ya zamani ambayo kipima mwanga chake hakiaminiki, hiyo ni neema.

Neno moja kuhusu ngozi zetu, maana linagusa filamu zote. Kipima mwanga hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye uso mweusi sana, kinaongeza mwanga hadi uso unapauka na mandhari nyuma inaungua. Pima usoni kisha punguza stopu moja (yaani nusu ya mwanga), au pima kwenye kiganja cha mkono na uongeze stopu moja. HP5 na XP2 zitakuvumilia ukikosea kidogo. Fomapan haina uvumilivu huo upande wa kupunguza.

Na jua likiwa kamili, kasi ya 400 inakupeleka f/16 kwa shata ya 1/500. Kamera nyingi za kurithi zinaishia 1/500 au 1/1000. Chukua filita ya njano, ambayo hupunguza mwanga na pia hufanya mawingu yaonekane vizuri, au uhamie kwa ndugu zao wa polepole: FP4 Plus, T-Max 100, au Fomapan 100.

Kusafisha

Hapa XP2 inaachana na wenzake. Hiyo husafishwa kwa dawa za filamu za rangi, mfumo wa C-41, kwa joto la karibu nyuzi 38. Maabara yoyote inayosafisha filamu za rangi inaweza kuichukua bila kubadilisha kitu. Shida ni kwamba mashine ya C-41 inataka kazi ya kila siku. Ikikaa siku nyingi bila filamu, dawa zake zinachakaa na negativu hutoka na madoa au rangi isiyo sawa. Kabla ya kukabidhi roli uliyopiga arusini, uliza wanasafisha siku gani, na upeleke roli ya majaribio kwanza.

Tahadhari kubwa: HP5, Tri-X na Fomapan zisiingizwe kwenye C-41 hata kwa bahati mbaya. Mfumo huo huondoa madini yote ya fedha kwenye filamu, na picha za filamu hizi zimejengwa kwa fedha hiyo. Itarudi utepe mtupu. Andika kwenye kopo, kwa kalamu nene, kwamba ni ya nyeusi na nyeupe.

Hizi tatu unaweza kuzisafisha jikoni. Unahitaji tangi lenye kifuniko, mfuko wa giza wa kuingizia mikono, kipimajoto, dawa ya kuibua picha, na fiksa, yaani dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga. Joto la kawaida la kazi ni nyuzi 20, na Nairobi imebarikiwa katika hilo. Mwenzetu wa Mombasa anatafuta barafu. Sisi mara nyingi tunahitaji kurekebisha nyuzi mbilitatu tu, na Julai pengine tunapasha maji moto. HP5 Plus kwenye ID-11, dawa ya Ilford ya kuibua picha, isiyochanganywa na maji huchukua dakika saba na nusu. Tri-X kwenye D-76 ya Kodak ni dakika sita na robo tatu. Ukichanganya dawa na maji sawa kwa sawa, HP5 inafika dakika 13 na Tri-X tisa na robo tatu, na muda mrefu hivyo hukupa nafasi ya kutokosea. Kwa Fomapan fuata karatasi ya Foma inayokuja nayo, na usishtuke kama maji ya kwanza ya filamu ya 120 yatatoka ya kijani.

Kuhusu upatikanaji wa dawa zenyewe, pendelea unga. ID-11 na D-76 huja kama unga, husafiri kwa ndege bila matatizo, na hukaa muda mrefu pakiti ikiwa haijafunguliwa. Dawa za maji zina vikwazo vya usafirishaji. Ukibahatika kupata Rodinal, dawa ya maji ya kuibua picha, chupa moja hudumu miaka, maana huchanganywa kiasi kidogo sana kwa maji mengi na haiharibiki upesi.

Na duka likikosa kila kitu? Kanuni ya D-76 inajulikana tangu 1927: kwa lita moja, metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Metoli ndiyo ngumu kupatikana. Fiksa ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwani sodiamu thaiosalfeti ni kemikali ileile ambayo wanafunzi wa sekondari huitumia kwenye majaribio ya kasi ya mmenyuko, kwa hiyo wauzaji wa vifaa vya maabara za shule wanaijua. Gramu 200 hadi 250 za chenga zake kwenye lita ya maji zinatosha, ingawa hufanya kazi taratibu kuliko fiksa za kisasa. Tumbukiza humo kipande cha filamu mbichi, hesabu muda hadi kiwe wazi, kisha uiache filamu yako kwenye fiksa kwa mara mbili ya muda huo au zaidi.

Kuna pia njia ya kahawa, iliyobuniwa 1995 katika darasa moja la Rochester Institute of Technology. Kwa lita moja: kahawa ya papo kwa papo gramu 40, soda ya kufulia gramu 54, vitamini C gramu 16, dakika 15 kwa nyuzi 20. Inafanya kazi kwa filamu zote tatu. Usidhani magadi ya sokoni yatakaa mahali pa hiyo soda. Magadi ghafi yana bikaboneti ndani yake, nguvu yake ni ndogo, na filamu itatoka hafifu. Soda inayotakiwa ni ile iliyochomwa kiwandani, na jambo la kufurahisha ni kwamba Ziwa Magadi, Kajiado, limekuwa likiizalisha kwa zaidi ya miaka mia.

Maji yasikutishe wakati wa mgao. Ilford wana njia ya kuosha inayotumia maji kidogo: jaza tangi, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Roli moja ya milimita 35, kuanzia dawa hadi suuza ya mwisho, inamalizika kwa kama lita mbili. Usimwage fiksa iliyotumika kwenye mtaro, kwa kuwa ina fedha yenye sumu kwa viumbe wa majini. Iweke kwenye dumu lililofungwa na kuandikwa jina, uipeleke kwa anayekusanya taka za kemikali.

Kuchapa na kuhifadhi

Zote nne zinaskaniwa vizuri. XP2 inapata nafuu moja: programu za kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi hufanya kazi juu yake kama kwenye filamu za rangi, wakati kwenye zile tatu fedha huzichanganya. Kwa chumba cha giza, karatasi za Ilford Multigrade na za Foma bado zinatengenezwa. Za plastiki huoshwa kwa dakika chache tu, za nyuzi hutaka maji mengi, kwa hiyo anayeanza Nairobi achukue za plastiki.

Kwa kuhifadhi muda mrefu, negativu za fedha zilizosafishwa na kuoshwa vizuri zina faida juu ya XP2, ambayo picha yake imebaki kama rangi tu. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyeuawa Nigeria mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra, aliacha picha zilizokaa miongo kadhaa kwenye gereji jijini hapa kabla ya kufufuliwa. Anayepiga picha za familia au za mtaa wake kwa ajili ya wajukuu, na atafakari hilo.

Kwa hali yako

Kama hutaki kugusa dawa na umepata maabara ya rangi inayofanya kazi mara kwa mara, chukua XP2 Super, uipige kwa 200. Maabara hiyo ikifunga, badilisha filamu; kamera yako haijali.

Kama unataka kujifunza kusafisha mwenyewe na unaogopa kuachwa njiani, HP5 Plus na ID-11 ya unga ndiyo njia yenye mashimo machache. Inafaa pia kwa wapiga picha wa harusi na hafla, ambako mwanga hubadilika kila dakika.

Mwanafunzi, au klabu ya shule inayopiga sana kwa pesa kidogo, ianze na Fomapan 400 kwa kipimo cha 200, ikiwezekana ile ya mita 30.5, pamoja na fiksa ya thaiosalfeti. Mwalimu wa kemia atasaidia kupima.

Tri-X ni ya anayejua anachokitafuta: ule weusi, zile chembe. Kama tayari unaipenda, nunua roli kadhaa mara moja na uziweke kwenye friji, huku ukijifunza pia HP5 ili siku usafirishaji ukikatika usikwame katikati ya kazi.

Na kama bado huwezi kuamua, usinunue filamu mbili za aina tofauti. Nunua tatu za aina moja, iliyo karibu na dawa unayoweza kuipata mwezi ujao pia, uzipige zote na uzisafishe kwa njia ileile, ukiandika muda na joto kwenye daftari.